Steadily si "polepole"

Leo neno moja tu la Kiingereza, steadily, maana nimelikuta limetafsiriwa "polepole" kwenye daftari zaidi ya moja.

Hatua ya 1: Litamke. "Stedili", mkazo uwe mwanzoni. Katika kuandika, steady ikipata -ly, ile y hugeuka i.

Hatua ya 2: Ione maana yake. Mtazame fundi cherehani, mguu ukiwa kwenye kanyagio. Akikurupuka, uzi unakatika. Akisitasita, mshono unapinda. Mguu ukienda sawa kwa sawa, kitambaa kinapita chenyewe, na hapo ndipo penye steadily. Awe na kasi au asiwe nayo, mwendo haukatiki wala haubadiliki. Kwa hiyo It rained steadily all night ni mvua iliyonyesha mfululizo usiku kucha. Prices have risen steadily: bei zimekuwa zikipanda tu, leo kidogo, kesho kidogo. She looked at him steadily: alimkazia macho bila kupepesa. Unaona Kiswahili kinavyobadili maneno? Usihangaike kutafuta tafsiri moja.

Hatua ya 3: Lipe mahali pake. Hukaa baada ya kitenzi, walk steadily, au kabla ya kitenzi kikuu kama has steadily grown. Lisitenganishe kitenzi na kitu kinachotendwa. He raised steadily the price inakwaruza sikio. Sema He steadily raised the price.

MASWALI

– Mwalimu, mimi napandisha wageni Kilimanjaro, na wimbo wetu ni "polepole". Nikisema walk steadily nimekosea?

Hujakosea, ila umesema jambo jingine. Polepole ni slowly, unawapunguza kasi. Yule kijana anayekimbia hatua ishirini kisha anakaa juu ya jiwe akihema, huyo ndiye wa kuambiwa walk steadily. Ukitaka yote mawili: slowly and steadily.

– Shikamoo mwalimu. Constantly nayo si ndiyo hiyo hiyo?

Marahaba. Hapana. Constantly ni kila wakati, hata kwa vurugu. He constantly complains: kutwa kulalamika. Hapo hakuna utulivu wowote.

– Niliandika She works steady, nikakatwa alama. Mbona kwenye filamu za Marekani nasikia hivyo?

Utaisikia sana, ni lugha ya mazungumzo. Msahihishaji anataka -ly, mpe.