Somo: Kusafiri na Air Tanzania, anza na namba ya simu

Wakuu, Desemba ikikaribia kila mtu anauliza tiketi za Bukoba, Kigoma na Mwanza. Naandika mara moja, maswali yaje chini.

Hatua ya 1: Jina na simu
Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA au pasipoti, herufi kwa herufi. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni namba ya simu. Ukikatiwa tiketi na wakala, hakikisha ameweka namba yako na si yake, kwa sababu ratiba ikibadilika ujumbe unakwenda kwenye namba iliyoandikwa. Mimi niliwahi kufika uwanjani alfajiri na begi langu, kumbe safari imesogezwa hadi jioni na ujumbe umelala kwenye simu ya wakala tangu jana yake. Shirika silitaji, wakala naye simtaji, ila nilinunua chai ya bei ya nauli ya daladala ya wiki nzima.

Hatua ya 2: Soma saa vizuri
Hapa ndipo wanaoanza wanapoumia. Tiketi haijui saa zetu za Kiswahili. 07:00 ni saa moja asubuhi, si saa saba mchana. Na 00:30 ya tarehe 15 ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia tarehe 15. Kwa hiyo uwe uwanjani usiku wa tarehe 14. Ukienda usiku wa tarehe 15, ndege imeshaondoka siku nzima iliyopita. Unapomwelekeza mzee kijijini, usimwambie "fika saa mbili kabla", mwambie "masaa mawili kabla". Safari za nje ni masaa matatu.

Hatua ya 3: Chagua ndege ya asubuhi
Ndege ileile iliyokwenda Mwanza alfajiri inarudi Dar, inapakia wa mkoa mwingine, inarudi tena. Ikichelewa dakika arobaini asubuhi, wa jioni ndio wanaobeba deni lote. Shirika lenye ndege chache halina ya akiba ya kuitoa mfukoni. Mwaka 2022 mliona Airbus A220 za Air Tanzania zilivyosimamishwa kwa matatizo ya injini, mashirika ya nchi nyingine nayo yakakumbwa na injini hizohizo, na ratiba ikayumba. Kama una safari ya nje kwa tiketi ya shirika jingine, tangulia Dar siku moja kabla. Tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali hazijuani. Ukichelewa ya kwanza, wa pili wanahesabu kwamba hukutokea tu.

Hatua ya 4: Mzigo
Kilo zako zimeandikwa kwenye tiketi, zisome, usiulize jirani aliyesafiri kwa nauli nyingine. Pima nyumbani.

Kisha jua unapanda ndege gani. Pangaboi, yaani ndege za propela aina ya Dash 8 Q400, zilizolirudishia shirika uhai mwaka 2016, zina viti 76, viwili viwili, na kabati za juu ni finyu. Begi la magurudumu linaloingia bila shida kwenye jeti litachukuliwa pale kwenye ngazi, lipakiwe chini. Kabla hujalitoa, chomoa dawa, hati na pawabenki. Pawabenki haikai kwenye mzigo wa chini kabisa: betri ikishika moto kule hakuna wa kuizima.

Sato na dagaa wa Mwanza fungasha kwenye boksi gumu lisilovuja, senene wawe wameshakaangwa na kukauka. Mawese ya Kigoma kwenye dumu? Tafuta basi.

MASWALI

Swali: Shikamoo mkuu. Mama yangu ana miaka 74, magoti yanamsumbua, na hajawahi kupanda ndege. Nitamsaidiaje?
Jibu: Marahaba. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, usisubiri kaunta. Ni huduma ya bure. Pangaboi ina ngazi zake fupi, lakini ni ngazi, kwa hiyo wajue mapema kama hawezi kupanda hata hizo. Dawa zake azishike mwenyewe.

Swali: Nimetoka Dubai, begi moja halikutokea. Nimeshafika nyumbani Mbagala. Nimechelewa?
Jibu: Rudi leo hii, na kibandiko cha mzigo walichokupa. Siku nyingine usitoke ukumbini kabla ya kujaza fomu kwenye dawati la mizigo. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kama begi limeharibika, na siku 21 kama limechelewa, kuanzia siku ulipokabidhiwa. Likipita siku 21 bila kuonekana, unaweza kudai kama lililopotea. Tunza risiti za nguo ulizonunua kwa kulikosa.

Swali: Nina wageni Wajerumani wanaokwenda Serengeti. Nasikia Ulaya wamezifungia ndege zetu, wataruhusiwa kupanda ATCL, yaani Air Tanzania?
Jibu: Kupanda wanaruhusiwa. Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha yake ya usalama wa anga Desemba 2024, na Juni 2025 ukayaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Katazo ni la kuruka kwenye anga la Ulaya. Ila kama wamenunua kifurushi kizima kule kwao, wakala analazimika kuwatajia shirika litakalowarusha, na wengine wakisikia hivyo wanaghairi. Waambie waulize pia bima yao ya safari kabla ya kulipa, kwa maandishi.

Swali: Mkuu, senene wabichi kweli hapana?
Jibu: Kaanga, ndugu yangu.