Mombasa hadi Jeddah ni safari ya saa ngapi? Hesabu ya kidole na kalamu

Nimekatia watu tiketi hapa mjini miaka mingi, na swali la kwanza ni lile lile: "Mwanangu, ni mbali?"

Jeddah ndiyo rahisi kuijibu. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta, Jeddah iko digrii 21.7 kaskazini, na zote mbili zimekaa kwenye digrii 39 na kitu mashariki. Yaani ndege yapanda kaskazini wima. Jumlisha 4 na 21.7, upate 25.7. Kila digrii ni kama kilomita 111. Zidisha, utapata kilomita 2,850 na ushei.

Miji isiyopangana hivyo, tumia uzi na tufe lile la shuleni. Ramani ya ukutani usiiamini, maana dunia ya mviringo imetandazwa bapa. Vuta uzi baina ya miji miwili, kisha uulinganishe na mzunguko wa ikweta, ambao ni kilomita 40,075. London kutoka hapa yafika 7,240 hivi.

Sasa gawa kilomita hizo kwa 800 upate saa za safari, uongeze nusu saa. Ndege ikishatulia juu hukaribia 900 kwa saa, lakini kujivuta uwanjani, kupanda na kushuka kwala muda. Jeddah basi ni saa nne. Ukipitia Nairobi, kuna safari ya karibu saa nzima ya kufika huko, tena ukae usubiri ndege ya pili. Kusubiri huko ndiko kunakomaliza siku, si kuruka.

Jeddah na sisi saa ni moja. London sivyo: wakati wa baridi wako nyuma yetu saa tatu, wakati wa joto saa mbili. Tuseme mwezi wa Januari umetoka Nairobi 09:00, ukaruka saa tisa. Tiketi itasema wafika 15:00, nawe udhani ni saa sita tu. Kurudi itaonekana kama ndege imepitia mwezini.

Linaloumiza watu zaidi ni saa yenyewe. Tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi twahesabu tangu alfajiri, kwa hivyo tofauti ni sita: 16:20 ni saa kumi na dakika ishirini. Hapo hakuna shida. Shida iko baada ya 00:00.

Khaloo yangu, dada wa mama, nilimkatia mwenyewe. Tiketi imeandikwa Jumanne, 00:45. Nikamwambia, "Khaloo, ni Jumanne, saa saba kasorobo usiku." Jumanne mchana akatia hina, jioni akaagana na mtaa mzima, akafika uwanjani na kopo la visheti vya wenyeji wake. Ndege ilikuwa imeondoka usiku wa jana yake. Kosa langu. Ningesema "usiku wa kuamkia Jumanne", kama wasemavyo wazee, angenielewa palepale.

Siku hizi nageuza karatasi, naandika nyuma kwa kalamu nyekundu, maana uwanjani watakiwa saa tatu kabla na Likoni kuna foleni ya kivuko: "Toka nyumbani JUMATATU, ukishaswali Isha."