SOMO: Wamebadilisha mita, wameondoka, na jiko limekatwa gesi

Wakuu, naandika hili mara moja ili nikiulizwa tena nibandike kiungo tu. Swali ni lile lile: "Fundi kaja kuniwekea mita mpya, kamaliza, kaondoka, jiko halina gesi. Kaharibu?" Huenda kaharibu, huenda kakuokoa. Usianze kumfokea mtu wa huduma kwa wateja kabla hujajua ni lipi.

Nazungumzia gesi ya bomba, ile inayopita kwenye mita. Wa mitungi, somo lenu ni jingine.

1. Ukisikia harufu ya gesi, acha kusoma. Funga koki kuu kwenye mita kama unaifikia, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa, toka nje, na upige namba ya dharura ya gesi ukiwa huko huko nje.

2. Hakikisha kweli kifaa kimekatwa. Jaribu kifaa kingine. Vikiwa vyote vimekufa, angalia kioo cha mita: baadhi ya mita mpya zina valvu ndani yake, na ikijifunga haifunguki hadi mtu abonyeze kitufe. Maelekezo yamo kwenye kijitabu ulichokitupa.

3. Angalia koki ya kifaa chenyewe. Mpini ukiwa sambamba na bomba, iko wazi. Ukikingama, imefungwa. Kama imefungwa na huoni lebo yoyote, piga simu uulize kabla ya kuigusa.

4. Tafuta karatasi. Hapa ndipo wengi wanapochemka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fundi wa mita hakati kifaa kwa sababu hakipendi. Akishafunga mita mpya, anatakiwa apime kama bomba la ndani linashika presha (haishuki, yaani halivuji), kisha aone vifaa vinawaka salama. Akikuta mpira wa jiko umepasuka, dohani inarudisha moshi ndani, au tundu la hewa limezibwa kwa matambara, anakifunga kifaa, anabandika lebo na kuacha hati ya onyo. Kukitengeneza si kazi aliyotumwa, na mara nyingi wala hana kibali cha kuishika. Wewe una haraka, unasaini bila kusoma, karatasi inaishia chini ya viazi. Kumbe karatasi hiyo ndiyo itakayoamua nani analipa.

Isome kabla hajatoka mlangoni. Kwanza ngazi ya hatari. Uingereza, kwa mfano, ziko mbili: kifaa ambacho ni hatari papo hapo, na kile ambacho kinaweza kuwa hatari kikiendelea kutumika. Pili, kasoro yenyewe. "Jiko bovu" haitoshi, mwambie aandike inavuja wapi au kipi kimekosekana. Tatu, na hili watu hawaliulizi kabisa: majibu ya kipimo cha presha KABLA ya kung'oa mita ya zamani na BAADA ya kufunga mpya. Kabla bomba lilishika, baada linashuka? Kuna kitu kimetikiswa na kazi yao, na una hoja nzito. Lilikuwa linashuka tangu mwanzo? Mzigo ni wako, maana katika nchi nyingi bomba linaloanzia baada ya mita ni mali ya mwenye nyumba. Hawakupima kabla? Basi hawana cha kuonyesha kwamba uvujaji ulikuwepo. Waandikie, usiishie kwenye simu.

ONYO: usikiunganishe mwenyewe. Usibandue lebo. Usimwite jamaa anayefunga mabomba ya maji. Maji yakivuja sakafu inalowa na unaona. Kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotoka gesi ikiungua vibaya, haina rangi wala harufu. Utaumwa kichwa na kichefuchefu, utasema ni uchovu, utaenda kulala.

5. Ita fundi gesi mwenye leseni, mpe ile hati aisome kabla hajafungua begi la vifaa. Uingereza wanaoruhusiwa ni walioandikishwa Gas Safe Register, daftari rasmi la mafundi gesi, na kitambulisho chake nyuma kinaonyesha kazi gani anaruhusiwa. Geuza usome.

6. Akimaliza apime presha upya, atoe hewa bombani, kisha awashe vichomeo vyote kwa pamoja. Mwali uwe wa bluu na umetulia. Akuandikie alichofanya.

7. Piga picha kila kitu.

MASWALI

Ngedere_Mtoro: Mkuu sijasoma yote, jiko langu wameliwekea lebo nyekundu ila linawaka vizuri tu nikifungua koki. Nitumie au?

Mleta somo: Funga hiyo koki sasa hivi. Kisha usome yote.

Ngedere_Mtoro: Mbona ukali? Nimeuliza tu.

Mleta somo: Umeuliza huku jiko linawaka. Lebo haisemi kama linawaka au haliwaki, inasema si salama kuliwasha. Soma namba 4.

Mama Pacha: Shukrani kaka kwa somo. Mimi ni mpangaji. Hita ya maji imekatwa, mwenye nyumba anasema niite fundi kwa hela yangu kwa sababu mita niliomba mimi.

Mleta somo: Dada, kuomba mita hakufanyi hita yake mbovu iwe yako. Soma mkataba na sheria ya unapoishi. Uingereza sheria iko wazi: kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinamtaka mwenye nyumba akague vifaa vyake kila mwaka na kumpa mpangaji nakala ya ukaguzi. Popote ulipo, mtumie picha ya hati ya onyo kwa maandishi leo. Simu haiachi alama.

Kisiki: Bomba letu lina miaka mingi halijawahi kunuka. Imekuwaje livuje siku ya mita mpya? Nauliza kwa kutaka kujua, silaumu mtu.

Mleta somo: Swali zuri. Mambo mawili. Kilainisho kwenye nyuzi za bomba la zamani (ile mikato kama ya skrubu) hukauka; ukizungusha nati upande wa mita, msokoto unasafiri hadi kwenye kiungo ambacho hakijaguswa miaka yote. La pili ni pua. Gesi asilia yenyewe hainuki, harufu huongezwa, na kwa kawaida hukadiriwa ili uinuse ikifika karibu asilimia 1 ya hewa. Methani huanza kuweza kuwaka ikifika kama asilimia 5. Kipimo cha presha kinanasa uvujaji mdogo ambao pua haiujui. Kwa hiyo huenda lilivuja siku zote, ila hakuna aliyelipima.

Kisiki: Asante sana. Na kwa nini fundi aliweka tepu kiungo kimoja, kingine akaacha?

Mleta somo: Una jicho! Kiungo chenye nyuzi zinazochongoka huzibwa na nyuzi zenyewe, ndipo tepu ya gesi inapohusika. Kingine huzibwa na washa (pete bapa) au kwa nyuso mbili zinazobanana. Hapo tepu inazuia nyuso zisikae sawa. Aliyejaza tepu kila mahali hajui anachokifanya.

bint_wa_pwani: Hita yetu haikukatwa, ila inawaka na kuzima tangu wabadilishe.

Mleta somo: Mara nyingi ni hewa iliyobaki bombani. Ikiwa ni ya kandili ndogo ya kuwashia (kile kimwali kinachowasha kichomeo kikubwa), shikilia kitufe nusu dakika ili kihisi kipate moto. Ukijaribu mara mbili tatu haishiki, acha, waite warudi kutoa hewa.

Mzee Kobe: Nyongeza wakuu: pigeni picha namba za mita ya zamani kabla haijang'olewa. Yangu ilikuwa ya futi za ujazo, mpya ni ya mita za ujazo, ofisini wakaendelea kukokotoa kama futi.

Mleta somo: Shikamoo mzee, hili nilisahau kuliandika. Mita nyingi za futi huhesabu kwa mamia, na futi za ujazo 100 ni kama mita za ujazo 2.83. Kwa hiyo bili ya kwanza ikija karibu mara tatu, anzeni hapo kabla ya kumshuku fundi au hita.