Sungura au simbilisi akiacha kula: fanya haya siku hiyo hiyo

Ng'ombe akikosa hamu ya kula leo, mfugaji anaweza kumwangalia hadi kesho. Sungura hana kesho hiyo, na simbilisi pia. Aliyekaa muda wa saa kumi na mbili bila kutia kitu tumboni ni mgonjwa wa dharura, hata kama amekaa kimya na macho yake yanang'aa. Hawa ni wanyama wanaowindwa porini, kwa hiyo huficha ugonjwa mpaka wanapozidiwa. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Dodoma, na wengi huletwa kwangu siku ya tatu, wakati tayari wameshapewa uji, soda na sindano iliyobaki ya mbuzi. Nimeandika hatua hizi ili wako aletwe mapema na akiwa hai.

Kwanza elewa kwa nini hatusubiri. Utumbo wa wanyama hawa hufanya kazi mfululizo: majani yenye nyuzi yanayoingia ndiyo husukuma yaliyotangulia. Yasipoingia, utumbo hupunguza mwendo, maji hufyonzwa, mabaki hukauka na gesi hujaa. Gesi huuma, na maumivu humfanya azidi kukataa chakula. Huku nyuma mwili unayeyusha mafuta yake ili upate nguvu, na mafuta hayo hujazana kwenye ini. Mnyama mnene anaweza kufa kwa ini hilo hata baada ya utumbo kuanza kufanya kazi tena. Na hawawezi kutapika, kwa hiyo chochote utakachomlisha lazima kipite chote mpaka nyuma.

Hatua ya 1: Angalia sakafu ya banda kabla ya kumgusa mnyama

Kinyesi kinasema mengi kuliko uso wake. Sungura mzima hutoa vigololi vingi, vya mviringo, vikavu, vinavyolingana ukubwa. Vikiwa vidogo, vyeusi, vigumu, au vimeunganishwa na manyoya, utumbo umeanza kulegea. Visipokuwepo kabisa tangu usiku, hali ni mbaya zaidi. Usichanganye hivi na kinyesi laini chenye kung'aa, kilichoshikana mithili ya kishada, ambacho sungura hula mwenyewe moja kwa moja kutoka nyuma. Hicho ni chakula chake halali chenye vitamini na protini. Ukikikuta kimetapakaa sakafuni au kimeganda mkiani, huenda ni mnene mno, ana maumivu ya mgongo au meno, au anakula pumba nyingi kuliko majani.

Mpe kitu anachokipenda sana, jani la mchicha au kipande kidogo cha karoti, kisha umtazame. Asiyekisogelea kabisa na amejikunyata huku akisaga meno kwa sauti ana maumivu, mara nyingi ya tumbo. Anayekisogelea, akakishika, kisha akakiangusha, anataka kula ila mdomo unauma. Huyo mtazame kidevuni: kikiwa kimelowa udenda, fikiria magego.

Hatua ya 2: Pima joto, gusa tumbo

Nunua kipimajoto cha kidijitali cha duka la dawa, kiwe cha mnyama tu. Mfunge sungura kwa kanga, miguu ya nyuma ikiwa imeshikwa vizuri, kwa sababu akirusha teke hewani anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Usimnyanyue kwa masikio hata siku moja. Paka ncha mafuta ya mgando, ingiza taratibu sentimita moja na nusu hivi. Joto la kawaida la sungura ni nyuzi 38.5 hadi 40. La simbilisi ni nyuzi 37.2 hadi 39.5.

Sungura akiwa chini ya 38, mpashe joto kabla ya kufikiria chakula: chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, kando yake, na nafasi ya kujiondoa akitosheka. Julai, usiku wa Dodoma unapopoa na banda liko wazi kwa upepo, hili hutokea sana.

Oktoba na Novemba ni kinyume chake. Banda la bati lisilo na dari, saa nane mchana, humpika mnyama aliyevaa manyoya. Akiwa amejinyoosha, anahema kwa kasi na joto limepita 40.5, mpeleke kivulini, mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida na umpepee. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu.

Kisha gusa tumbo kwa vidole, polepole. Likiwa laini, hata kama kuna kibonge kama unga uliokandwa, unaweza kuendelea. Likiwa limevimba na kukaza, na mnyama alikuwa mzima muda mfupi uliopita, USIMLISHE. Huenda utumbo umezibwa, mara nyingi na manyoya yaliyoshikana, na ukimlisha utalipasua tumbo. Ruka hatua zote, nenda kwa daktari sasa hivi.

Hatua ya 3: Mpigie daktari wa mifugo

Piga kabla ya kumlisha, na uwe na majibu tayari: uzito, umri, saa ya mwisho alipokula, saa ya mwisho alipotoa kinyesi, joto, na kila alichokula jana. Usiishie kwenye “Shikamoo daktari, sungura wangu anaumwa.” Ukisema “hajala tangu saa mbili usiku, joto ni 37.6”, tayari nimejua nianzie wapi. Ukiwa mbali na mjini, afisa mifugo wa kata ni mtu wa kwanza, ila mwambie waziwazi kuwa ni sungura au simbilisi, kwa sababu dawa za mkoba wake zimepangwa kwa ng'ombe, mbuzi na kuku.

Hatua ya 4: Mlishe kwa bomba la sindano

Hatua hii ndiyo huokoa wengi, na ndiyo wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa hapa.

Chukua peleti za sungura, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu hadi zivurugike, ponda, ongeza maji mpaka upate uji unaopita kwenye bomba. Kama huna peleti, twanga majani makavu ya malisho kwenye kinu, yachekeche, changanya unga wake na maji pamoja na mchicha uliosagwa. Kwa simbilisi ongeza pilipili hoho iliyosagwa, kwa sababu nitakayoieleza. Usitumie uji wa sembe, maziwa, glukosi wala soda. Wanga na sukari hulisha bakteria wabaya wa utumbo, gesi huongezeka, na unakuwa umemuongezea ugonjwa kwa mkono wako mwenye huruma.

Tumia bomba la mililita moja au mbili, bila sindano yenyewe. Kwa uji mzito chukua la mililita tano. Mkalishe wima juu ya meza, amefungwa kanga, kichwa nje. Asilazwe chali, maana uji utaingia mapafuni. Pitisha bomba pembeni ya mdomo, kwenye pengo lililo nyuma ya meno ya mbele. Sukuma nusu mililita, subiri atafune na kumeza, rudia. Akiacha kutafuna, acha na wewe.

Kiasi: anza na mililita 10 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja. Sungura wa kilo mbili anapata mililita 20, simbilisi wa gramu 800 anapata 8. Fanya hivyo mara tano kwa siku, ukilenga mililita 50 kwa kilo kwa siku nzima. Mlo wa usiku usirukwe. Katikati ya milo mwekee majani mabichi na maji kwenye bakuli zito. Mnyama mgonjwa hunywa kwenye bakuli kwa urahisi kuliko kwenye chupa ya kuning'inia.

Kisha mwache atembee. Sungura akizunguka sebuleni, utumbo nao hupata msukumo.

Hatua ya 5: Acha dawa ya mifugo ilipo

Naomba hapa unisikilize kwa makini. Kwenye maduka ya pembejeo utauziwa penisilini yenye streptomaisini, oksitetrasaiklini, au vidonge vya amoksilini, na muuzaji atakuambia “hii inatibu kila kitu.” Amoksilini, ampisilini na penisilini zikipitia mdomoni huua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura, simbilisi na hamsta. Wanaobaki ni klostridia, ambao hutoa sumu. Mnyama huharisha na kufa siku chache baadaye, na mwenyewe hudhani ugonjwa ulikuwa mkali. Penisilini ya sindano daktari anaweza kumpa sungura kwa sababu maalumu. Kwa simbilisi siikaribii, wala streptomaisini.

Linda pia mgongo wa sungura. Dawa ya viroboto ya kudondoshea mgongoni yenye fipronili, ambayo mbwa anaivumilia vizuri, inaweza kumuua sungura.

Hata dawa sahihi huwa hatari kwa kipimo cha jicho. Ivamektini ya asilimia moja, inayotibu ukurutu, hutolewa kwa ng'ombe mililita moja kwa kilo 50. Kwa kipimo hicho sungura wa kilo mbili anahitaji mililita 0.04 tu, kiasi ambacho bomba la kawaida haliwezi kupima. Niachie mimi au mwenzangu.

Hatua ya 6: Kwa daktari

Msafirishe kwenye boksi lenye matundu na majani chini, siyo kwenye mfuko. Kama anaishi na mwenzake aliyemzoea, waje wote wawili. Hofu peke yake husimamisha utumbo. Usiwafungie chumba kimoja na mbwa anayesubiri.

Tarajia dawa ya maumivu kwanza, kisha maji chini ya ngozi, na pengine dawa ya kuamsha utumbo. Mimi hutumia pia mashine ileile ya kupimia sukari ya binadamu: kwa sungura, kiwango kinachozidi 20 (mmol/L) hunifanya nishuku kuziba kwa utumbo, na hapo tunazungumzia upasuaji. Kesi za namna hiyo zikinizidi nazielekeza hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kwa watoto wa sungura wanaoharisha muda mfupi baada ya kuachishwa kunyonya, beba kinyesi kwenye kichupa safi, maana koksidia, vijidudu vya utumbo, huonekana kwa darubini na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Meno yatakaguliwa hadi nyuma. Meno yote ya sungura na simbilisi hukua maisha yao yote. Ya mbele ya sungura huongezeka milimita mbili hivi kwa wiki. Asiyetafuna majani hayasagi, na magego huota ncha zinazochoma ulimi na mashavu. Usiyakate nyumbani kwa koleo au mkasi wa kucha: jino hupasuka kwa urefu hadi kwenye mzizi, na usaha huanzia hapo.

Hatua ya 7: Ondoa kilichomfikisha hapo

Akishaanza kula na kutoa vigololi vya kawaida, endelea na bomba kwa siku moja zaidi, ukipunguza. Halafu angalia chakula chake. Ninachokikuta mara nyingi hapa ni bakuli la pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, kwa sababu ndivyo vinavyopatikana kwa bei nafuu kuanzia Singida hadi hapa. Sungura anahitaji majani, yawe sehemu kubwa kabisa ya anachokula kila siku. Pumba nyingi hulegeza utumbo na meno hayasagiki. Zaidi ya hapo kuna sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka zaidi. Pumba au karanga zenye ukungu zisiingie bandani hata kidogo. Majani ya parachichi pia ni sumu kwake. Majani ya mti wa lusina yakizidi humnyonyoa manyoya.

Simbilisi ana jambo lake. Mwili wake hautengenezi vitamini C, na wetu pia hauitengenezi. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kilo kila siku, na akiugua zaidi ya hapo. Akikosa kwa wiki mbili hivi, viungo huvimba, fizi hutoka damu, hupiga kelele akishikwa, na huacha kula kwa sababu kutembea hadi kwenye bakuli kunamuuma. Robo ya hoho ya wastani kila siku inatosha kwa mzima. Usimtilie vitamini kwenye maji, inaharibika upesi. Watu huniuliza kuhusu ubuyu, kwa kuwa mibuyu tunayo: vitamini imo, lakini kiasi chake hubadilika, na ubuyu wa pakiti umetiwa sukari na rangi. Hoho ni salama zaidi.

Kama uliye naye ni kalunguyeye, usifuate mwongozo huu. Yeye ni mla wadudu, utumbo wake ni mwingine, na tena ni mnyamapori, hivyo kumfuga bila kibali kunakugombanisha na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Mvua zetu huanza Desemba na kuisha Aprili, halafu majani hukauka kwa miezi mingi. Wengi huletwa kwangu Septemba na kuendelea, wakati kibichi kimekwisha na pumba zimechukua nafasi. Kata nyasi Machi na Aprili zikiwa bado laini, zianike kivulini mpaka zinukie vizuri, zifunge robota na uzihifadhi juu ya mbao, mbali na unyevu na panya. Usipoweza, wafugaji wa Kongwa wanalima malisho na kuuza marobota ya hei. Kwa sungura wawili robota moja linakaa muda mrefu. Nunua pia mzani wa jikoni. Mpime kila Jumamosi, andika kwenye daftari lililotundikwa bandani, na simbilisi wa kilo moja akipungua gramu 50 kwa wiki, nipigie hata kama anaonekana anakula.