Priampu: yenye umeme au kitasa kitupu?

Priampu ni kifaa kinachokaa kati ya mashine ya muziki na amplifaya, cha kupanga nguvu ya sauti. Kabla hujatoa pesa, geuza amplifaya usome nyuma inahitaji volti ngapi kuingia. Hapa Langoni, Lamu, natengeneza redio, na wengi huniletea priampu za umeme ambazo hawakuzihitaji.

Isiyo na umeme ni kitasa cha sauti, kile cha kuzungusha, ndani ya kiboksi. Hupunguza, haiongezi. Mashine ya CD hutoa kama volti 2. Ikiwa amplifaya yako hushiba kwa volti 1, yaani hutoa nguvu yake yote, ya nini kuongeza? Ukitumia simu yenye sauti dhaifu, hapo nunua ya umeme.

Sasa waya, ndipo watu hukwama. Niliwahi kufunga kitasa cha kilo-omu 100 (kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kinavyozuia umeme), nikavuta waya mita 6 hadi dakani. Nyuzi za udi zikafifia, taarabu ikawa kama imefunikwa blanketi. Nikaweka kitasa cha kilo-omu 10 na waya wa mita 1, udi ukarudi. Lakini amplifaya nayo iwe na ukinzani wa kuingilia mkubwa. Kilo-omu 47 yatosha.

Mashine ya santuri ina priampu yake ya pekee, si hizi.

Na chumvi ya bahari hula vitasa. Kikianza kukwaruza, kisafishe kwanza, usikimbilie kutupa.