Kutoka ubao wa mawimbi hadi chapa ya ukutani: namna ya kuhamisha mchoro wa bahari kwenye karatasi

Katika pwani ya Paje na Jambiani, Zanzibar, ambako wacheza kaiti, yaani wanaoteleza baharini juu ya ubao wakivutwa na tiara, hufuata upepo wa kusi na wa kaskazi, mbao za mawimbi zilizopasuka hazikosekani, nasi wachoraji huzifufua kwa kuchora juu yake kasa, pweza na samaki taa. Hata hivyo, ubao mmoja huuzwa mara moja tu, na mgeni anayerudi kwao kwa ndege huona tabu kuubeba. Chapa ya karatasi huufikisha mchoro huo kwa watu wengi. Nitakaa zaidi kwenye upigaji wa picha, kwa sababu faili likishaharibika hakuna mchapaji atakayeliponya.

Hatua ya kwanza ni kuuandaa ubao. Kwangua nta yote, osha chumvi kwa maji ya mfereji, kisha ziba nyufa kwa resini ya epoksi, kwani resini ya poliesta huliyeyusha povu la polistirini lililomo ndani ya baadhi ya mbao. Piga msasa namba 120, umalizie na 220, ukiwa umevaa barakoa kwa sababu vumbi la faiba hudhuru mapafu. Baada ya hapo chora kwa rangi za akriliki.

Hatua ya pili ni kusubiri: usipake vanishi kabla ya kupiga picha. Tuchukue mfano wa ng'amba, ambaye magamba yake hupandana kama vigae. Ukingo wa kila gamba mimi huuchora kwa mstari mwembamba wa manjano, na ni mstari huo unaoonyesha kupandana huko kunakomtofautisha na kasa wa kawaida. Vanishi ikishang'aa, mwanga hujikusanya hapohapo kwenye mbinuko wa ubao na mstari huo hugeuka doa jeupe ambalo haliwezi kurekebishwa.

Hatua ya tatu ni kutafuta kivuli kilicho sawa pande zote. Barazani panafaa sana, lakini kumbuka kwamba mwezi wa Juni jua letu la mchana huwa upande wa kaskazini na Desemba huwa kusini, kwa hiyo baraza yenye kivuli wakati wa kusi huenda ikawa juani wakati wa kaskazi. Ondoa turubai la buluu na nguo za rangi kali zilizo karibu, kwa sababu rangi zake huakisiwa kwenye mchoro, na tandika shuka jeupe chini ya ubao.

Hatua ya nne ndiyo inayoamua kila kitu. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,032 kwa 3,024. Ukiupiga ubao wa urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 50 kwa picha moja, basi kwa kiwango cha pikseli 300 kwa inchi utapata chapa ya urefu wa sentimita 34 tu, na upana wake hautafika 10. Piga vipande vinne, kila kimoja kikirudia thuluthi ya kilichotangulia, kisha uviunganishe kwa programu ya picha. Hapo utapata zaidi ya pikseli 10,000, yaani chapa inayokaribia sentimita 85. Kamera ifungwe kwenye stendi ikitazama chini, na kinachosogezwa kiwe ubao, ili mwanga usibadilike. Ukifika kwenye pua, ambako ubao hupinda kuelekea juu, inua mkia kwa kiroba cha mchanga mpaka sehemu inayopigwa ilale sawa mbele ya lenzi. Epuka lenzi pana, kwani huvuta kingo na kumnenepesha samaki aliye pembeni.

Katika kusahihisha rangi, linganisha na ubao wenyewe, wala usiiamini skrini. Buluu ya maji ya kina kifupi ndiyo inayosumbua kuliko zote, kwa kuwa wino hauwezi kung'aa kama skrini. Mwombe mchapaji akutolee kwanza ukanda mdogo wa majaribio, uutazame kwa mwanga wa mchana. Mikwaruzo ya ubao mimi huiacha, kwani inaonyesha kazi ilikotoka. Ukanda ukikuridhisha, sasa ubao unaweza kupakwa vanishi.

Chagua karatasi ya pamba isiyo na asidi, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na wino wa pigmenti, ambao huchelewa kupauka. Wakati wa masika acha chapa ikauke siku nzima kabla ya kuiviringisha, la sivyo unyevu utaishika. Andika kwa penseli chini ya picha: namba upande wa kushoto, kwa mfano 7/50, yaani nakala ya saba kati ya 50, na saini upande wa kulia, ukishatangaza nakala 50, usichape ya 51. Ubao wenyewe ukipata mnunuzi, andika kwenye risiti kwamba haki ya kuchapa mchoro inabaki kwako.