Umehamia mtaa mpya? Anza na jumuiya

Kabla ya kuhama, omba barua ya utambulisho. Isainiwe na mwenyekiti wa jumuiya yako, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja majumbani, kisha ipigwe muhuri ofisi ya parokia. Wengi huhama bila barua, wanakuja kuihangaikia mtoto anapotaka kubatizwa.

Ukifika, usiipime parokia kwa Misa moja. Misa ya kwanza ya alfajiri na ile ya pili mara nyingi zina kwaya na waumini tofauti kabisa, kwa hiyo sali zote, Jumapili mbili tofauti. Subiri matangazo mpaka mwisho. Humo ndimo utasikia kama wagonjwa na wafiwa wanakumbukwa.

Lakini nyumbani hasa ni kwenye jumuiya ndogo ndogo. Muulize katekista jumuiya ya mtaa wako inasali lini na kwa nani. Nenda wiki nne mfululizo, maana sala huzunguka nyumba kwa nyumba na kila nyumba ina watu wake. Jiandikishe kwenye daftari, chukua na kadi ya zaka. Anayesali kanisani tu, akilazwa hospitali, hakuna anayejua amjulie hali wapi.